Nasibu na Ustadi katika Picha za Wino

Katika sanaa za mkono hapana iliyo karibu na maneno ya kinywa kama kuchora kwa wino na burashi. Neno likisha kutamkwa halirudi, na alama ya wino ikisha kuanguka juu ya karatasi haiondoki. Achoraye kwa kalamu ya risasi ana mpira wa kufutia. Achoraye kwa rangi za mafuta aweza kukwangua rangi ya jana akapaka nyingine leo. Mchoraji wa wino hana nafasi hiyo. Kwake methali isemayo ya kuwa maji yakimwagika hayazoleki ni habari ya kazi yake ya kila siku. Pigo likienda upande asioutaka, ama atalitafutia kazi njema ndani ya picha, ama ataitupa karatasi na kuanza upya.

Kwa sababu hiyo sanaa hii imezaa swali ambalo wachoraji na wahakiki wamelishindania kwa muda wa zaidi ya miaka elfu. Je, picha iliyofanywa kwa ghafula, bila mstari wa kutangulia wala kipimo, yastahili kuitwa kazi ya ustadi? Na kama yastahili, ustadi huo waweza kufundishwa? Wako wasemao ya kuwa wepesi huo wa mkono ni kipawa. Mtu huzaliwa nacho au hukikosa, na mwalimu hana la kuongeza. Wako wengine wasemao ya kuwa ni mchezo mtupu, na ya kuwa mtoto aliyeangusha chupa ya wino juu ya daftari lake aweza kudai sifa ile ile. Kwa maoni yetu makundi yote mawili yamekosa. Wepesi huo hufundishika, lakini kwa njia yake: kwa kujaribu mara nyingi, kwa kuiruhusu nasibu iingie kazini, na zaidi ya yote kwa kujua kuchagua lipi libaki na lipi litupwe. Ushahidi wa neno hili umo katika picha zenyewe, nasi tutazitazama chache, hasa za Uchina na Japani, ambako sanaa hii ilikulia.

Yafaa kwanza kuvijua vyombo, maana vyombo ndivyo vilivyoweka sheria. Wino wa nchi hizo ni masizi, ya kuni za msonobari au ya mafuta yaliyochomwa katika taa, yaliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, yakakandwa, yakatiwa katika kalibu na kukaushwa hata yakawa kijiti kigumu. Mchoraji hukisugua kijiti hicho juu ya jiwe lenye maji kidogo. Kwa kuzidisha au kupunguza maji hupata weusi wa kaa, na kijivu cha wingu la mvua, na wepesi wa moshi ulio mbali. Burashi ni singa za mbuzi, sungura au kicheche zilizofungwa katika mwanzi. Tumbo lake hubeba maji mengi na ncha yake ni kali kama ya sindano. Burashi moja yaweza kuandika unywele, na burashi hiyo hiyo ikilazwa yaweza kufunika nusu ya karatasi. Karatasi nayo, ambayo iliyo mashuhuri kuliko zote hutoka wilaya ya Jing katika jimbo la Anhui, hufanywa kwa magome ya mti na majani makavu ya mpunga. Hunywa wino kama mchanga unywavyo mvua ya kwanza.

Juu ya karatasi kama hiyo kusita ni kosa. Burashi ikikaa mahali pamoja muda wa kuvuta pumzi, doa hupanuka na mstari huvimba. Mchoraji mwenye hofu huandika hofu yake pasipo kukusudia, na kila mwenye macho huisoma. Basi wepesi wa wachoraji hawa haukuanza kwa kutaka kujionyesha. Ulianza kwa kuutii wino. Mtu aweza kutujibu ya kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni kweli, wala haipingani na tunayosema. Picha huweza kuchukua robo saa, lakini mkono ulioifanya umechukua miaka ishirini. Taratibu imetangulia, haraka imefuata.

Mtu wa kwanza anayetajwa sana kwa kumwaga wino aliitwa Wang Mo, na Mo hiyo, kwa namna moja ya kuliandika jina lake, maana yake ni wino. Aliishi katika zama za ukoo wa Tang, uliotawala Uchina kutoka mwaka 618 hata 907. Yasimuliwa katika maandiko ya karne ya 9 ya kuwa alipokwisha kunywa hata akalewa alimwaga wino, akicheka na kuimba, akausukuma kwa miguu na kuusugua kwa mikono. Kisha aliutazama. Palipofanana na mlima alifanya mlima, palipofanana na jiwe alifanya jiwe, na palipofanana na wingu au maji alifanya wingu au maji. Hapana picha yake hata moja iliyobaki, kwa hiyo hatuwezi kumhukumu. Lakini tunayo hukumu ya mtu wa zama zake. Zhang Yanyuan, aliyeandika historia kubwa ya wachoraji na kuimaliza mnamo mwaka 847, alikataa kuihesabu kazi ya kumwaga wino kuwa ni uchoraji, akaionya jamii ya wachoraji isiiige. Katika mahali pale pale alisema habari ya wengine waliopuliza unga mweupe juu ya hariri wapate mawingu. Akakubali ya kuwa mawingu yale yalifanana na mawingu ya kweli, lakini njia ya burashi haikuonekana ndani yake.

Hukumu hiyo ni kali, wala haifai kupuuzwa. Twaweza kuieleza kwa mfano. Ukuta uliolowa mvua huweza kuonyesha umbo la ngamia, au jahazi, au mzee mwenye ndevu. Mtazamaji hufurahi, lakini hamwiti ukuta mchoraji. Kama kazi ya Wang Mo ilikuwa ya namna hiyo, Zhang alikuwa na haki. Umbo lililotokea lenyewe ni zawadi, na zawadi si ustadi. Tangu siku hiyo kila mwenye kutaka kumwaga wino amekuwa na deni: lazima aonyeshe mahali ambapo nasibu imekoma na mkono umeanza.

Kwa maoni yetu aliyelipa deni hilo kwa uzuri kuliko wengi ni Liang Kai. Huyu alikuwa mchoraji wa ikulu mjini Hangzhou mwanzoni mwa karne ya 13, wakati wa utawala wa Song ya Kusini. Yasemwa ya kuwa alitunukiwa mshipi wa dhahabu, akautundika, akauacha, akaenda zake. Kabla ya hapo aliweza kazi ya uangalifu mkubwa. Iko picha yake ya Budha akishuka kutoka milimani, yenye mistari myembamba iliyopangwa kwa saburi, ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo. Lakini picha tunayotaka kuitazama ni nyingine, nayo imo katika Jumba la Makumbusho la Ikulu mjini Taipei. Ni ukurasa mmoja usiofika nusu mita kwa kimo, nao unaitwa Mzee wa Milele kwa Wino wa Kumwaga.

Ndani yake yumo mtu mmoja mnene atembeaye kwa kuyumba, vazi lake limefunguka, kifua na tumbo vi wazi. Vazi hilo ni mapigo machache mapana ya wino wenye maji mengi. Hapana mstari ulioandikwa kulizunguka. Wino ulipokolea waona mkunjo. Maji yalipouzidi waona nguo imetanuka. Na ncha za pigo zilipochoka pembeni waona upindo unaopeperuka. Uso ni jambo la kuchekesha. Kipaji ni kipana kama kibuyu, na macho, pua na kinywa vimesongamana chini yake katika nafasi ndogo mno, vimeandikwa kwa mistari michache ya ncha ya burashi. Mtu huyu amelewa, au amejua siri fulani, au yote mawili.

Sasa na tuulize swali la Zhang Yanyuan: mkono u wapi? Nasibu imeruhusiwa katika vazi. Hapana mtu awezaye kuamuru hasa maji yataenea wapi katika pigo pana kiasi hicho, na Liang Kai hakujaribu kuyaamuru. Lakini katika uso nasibu haikupewa ruhusa. Mistari ile midogo imewekwa mahali pake na mtu aliyejua kabisa atakalo. Angaliiacha, tungaliona doa kubwa la wino. Angaliongeza mingine mingi, akaandika vidole vyote na mikunjo yote, tungaliona mtu mnene aliyevaa nguo, lakini kuyumba kwake kungalikufa, na kicheko chake pamoja nako. Ustadi wa picha hii umo katika kipimo hicho baina ya kinachoachiliwa na kinachoshikwa. Ukuta uliolowa mvua hauna kipimo, kwa hiyo haujui kuacha.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa picha hii ni mwalimu mwepesi. Mwanafunzi akiiiga pigo kwa pigo atapata vazi lisilo mwili ndani yake. Liang Kai aliujua mwili uliofunikwa, kwa kuwa aliuchora mara nyingi kwa uangalifu kabla ya kuufunika kwa wino. Hapa ndipo lile swali la pili linapotuelekea: kama picha za namna hii haziigiki, zitafundishwaje?

Jibu moja lilitolewa Japani mwaka 1495. Sesshu, mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen aliyezaliwa mwaka 1420, alikuwa na mwanafunzi aitwaye Soen, mtawa wa Kamakura. Alipokwisha jifunza na kutaka kurudi kwao, Soen alimwomba mwalimu wake picha iwe ushahidi wa elimu aliyoipokea. Twaweza kudhani ya kuwa mwalimu mwingine angalimpa kazi ya uangalifu, yenye kuonyesha kila kanuni ya chuo. Sesshu aliweza kazi ya namna hiyo; mwaka 1486 alikwisha maliza mandhari ndefu ya majira manne ya mwaka, karatasi iliyokunjwa yenye urefu wa karibu mita 16. Lakini kwa Soen alichora mandhari ndogo kwa njia iitwayo wino uliovunjwa, iliyo ndugu wa wino wa kumwaga, na mapigo yake yahesabika.

Kwa mbali kuna milima ya kijivu hafifu, kama iliyochorwa kwa pumzi. Mbele kuna jabali lenye miti, limepigwa kwa wino mzito juu ya wino mwepesi, na mahali pengine weusi umeingia katika majimaji na kutambaa. Mwenye kupita haraka haoni ila madoa. Mwenye kutulia huona chini ya jabali paa la nyumba na bendera ya duka la pombe. Na kando, majini, huona mashua ndogo yenye watu wawili. Vitu hivyo vimeandikwa kwa mistari mifupi iliyonyooka, na bila vitu hivyo picha isingesimama. Jicho likisha kuiona mashua, doa la juu yake hugeuka mara moja likawa jabali refu, na nafasi tupu hugeuka ikawa maji na ukungu. Mistari michache ya hakika imeyapa madoa kimo chake. Liang Kai aliweka mistari hiyo katika uso wa mtu, Sesshu ameiweka katika paa na mashua. Lakini busara yao ni moja.

Juu ya picha Sesshu aliandika maneno kwa mkono wake, na mambo aliyoyaandika yastahili kuangaliwa na kila mwenye kudhani ya kuwa uhuru wa mkono ni kutokuwa na mwalimu. Alieleza safari yake ya Uchina, ambako alikwenda mwaka 1467 na kurudi mwaka 1469. Akawataja wachoraji wawili wa huko aliojifunza kwao. Kisha akawasifu Josetsu na Shubun, walimu wa nchi yake mwenyewe, ambao alizidi kuutambua ukubwa wao baada ya kuona ya ugenini. Picha iliyo huru kuliko nyingi alizopata kuzichora imebeba majina ya walimu wanne. Wala aliyepewa hakupewa kanuni za kukariri. Alipewa mfano wa kuchagua: hiki kiachwe kiwe doa, hiki kiandikwe.

Kwa upande mwingine iko njia ya kufundisha kwa vielelezo. Mwaka 1679 mjini Nanjing ilipigwa chapa sehemu ya kwanza ya kitabu mashuhuri cha mafunzo kiitwacho Bustani ya Mbegu ya Haradali. Humo mwanafunzi huonyeshwa namna za kuandika majani ya miti, namna za mawe, na jinsi mti mmoja unavyowekwa karibu na mwingine. Wachoraji wa vizazi vingi wamekitumia, na faida yake ni wazi. Asiye na maneno hawezi kusema, na kitabu hicho humpa mwanafunzi maneno. Lakini hatari yake ni wazi vile vile. Mwenye kukariri maneno ya kitabu na kuishia hapo huwa kama kasuku. Milima yake yote ni mlima mmoja, na mlima huo hajapata kuuona.

Miaka sita tu baadaye, mwaka 1685, Shitao alichora picha ambayo yaonekana kama jibu kwa mafunzo ya namna hiyo, ingawa hatusemi ya kuwa alikusudia kukijibu kitabu kile. Shitao alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Ming, ambao mji wao mkuu ulianguka mwaka 1644 naye ni mtoto mdogo. Akalelewa katika utawa. Picha hiyo, iliyo katika makumbusho ya Suzhou, aliipa jina la Madoa Elfu Kumi Mabaya. Madoa yametapakaa juu ya miamba na miti, mengine mazito, mengine yamefifia, hata mahali pengine jicho halijui kama laona majani au laona wino tu. Katika kitabu chake cha mafundisho Shitao alishika ya kuwa mapigo yote yatokana na pigo moja la kwanza, na ya kuwa mchoraji hana budi kujifunza kwa waliotangulia pasipo kuwa mtumwa wao.

Mafundisho hayo ni mazuri, na picha ni ya mtu shujaa. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusifu ushujaa peke yake. Mwenye kuziita alama zake mbaya tayari anaomba ziitwe nzuri, na katika jina hilo twasikia majivuno kidogo. Zaidi ya hayo, mahali madoa yanapozidi hata kuifunika nchi iliyo chini yake, picha yataka kusongwa. Inaokolewa na miamba, ambayo imesimama imara chini ya ghasia yote. Tukilinganisha, tutasema ya kuwa Sesshu alijua kuacha mapema zaidi, na Shitao alithubutu kwenda mbali zaidi. Mwanafunzi ajifunze kwa wote wawili, lakini aanze kwa Sesshu.

Karibu miaka mia baada ya Shitao, katika nchi iliyokuwa mbali sana na mambo haya, mtu mwingine alilifanya jaribio la wino kuwa somo lenye hatua. Huyu ni Alexander Cozens, Mwingereza aliyezaliwa Urusi mwaka 1717 na kufa mwaka 1786, ambaye alikuwa mwalimu wa kuchora. Aliona ya kuwa wanafunzi wake walipoteza siku nyingi kwa kunakili kazi za wengine, na walipoambiwa wabuni mandhari yao wenyewe walikwama. Katika kitabu alichokitoa mwishoni mwa maisha yake alieleza ya kuwa siku moja, alipokuwa akizungumza na mwanafunzi wake juu ya shida hiyo, karatasi yenye mabaka ilimwonyesha mandhari ambayo hakuipanga. Basi akaunda njia. Mwanafunzi aweke moyoni wazo la jumla la mandhari aitakayo. Ashike burashi kubwa yenye wino, apige madoa ya kila namna kwa haraka. Hata karatasi yaweza kukunjwakunjwa kwanza ili wino uende usikotazamiwa. Kisha aweke juu yake karatasi nyembamba ipitishayo nuru, na katika madoa yale achague na kuandika mlima, mti na mto, wala asitie kitu ambacho doa halikukidokeza.

Sifa ya Cozens ni kwamba alilitoa fumbo lote katika jambo hili. Alionyesha ya kuwa kujaribu kwa nasibu ni kazi ambayo kijana yeyote aweza kuianza leo. Dosari yake ni kwamba aliitenga nasibu na uchaguzi, akaviweka katika karatasi mbili. Nasibu ilifanya kazi kwanza. Baadaye, kwa utulivu, uchaguzi ukaja kusafisha. Matokeo ni kwamba madoa yake, ambayo baadhi yake yalichapwa katika kitabu kile, yana nguvu kuliko mandhari safi zilizotolewa ndani yake. Katika kusafisha, moto umezimika. Liang Kai na Sesshu walichagua katika pumzi ile ile waliyomwaga. Hata hivyo, kwa mwanafunzi, karatasi mbili za Cozens ni ngazi nzuri: humfundisha kwanza kuchagua polepole, hata siku ajapo kuchagua upesi.

Katika miaka iliyo karibu na yetu ushahidi ule ule ulionekana tena kwa Zhang Daqian, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufa mwaka 1983. Katika ujana wake alisifika kwa kunakili kazi za wakubwa wa kale hata watu wakashindwa kutofautisha, na katika miaka ya 1940 alikaa Dunhuang akinakili picha za kuta za mapango. Macho yake yalipoanza kudhoofika, katika uzee wake, ndipo alipogeukia kumwaga wino na rangi. Mawingu yake makubwa ya buluu na kijani hayakutoka katika upungufu wa elimu. Yalitoka katika mkono uliokwisha jifunza mengi kiasi cha kuweza kulikosa jicho na bado usipotee.

Kutokana na mifano hii twaweza kupata maswali matatu ya kuipima picha yoyote ya wino iliyofanywa kwa ghafula. La kwanza: doa lina kazi? Lifunike kwa kidole. Kama picha haikupungukiwa na kitu, doa hilo ni bahati tu, na bahati isiyo kazi ni uchafu. La pili: pako wapi mahali ambapo mchoraji aliikataa nasibu? Kama hapana, kazi ile ni ya ukuta uliolowa mvua. La tatu: mchoraji huyu aweza kufanya nyingine isiyo sawa na hii? Maana wako wachoraji waliopata ajali njema mara moja, watu wakaisifu, nao wakaendelea kuirudia miaka yote. Kujinakili mwenyewe ni utumwa mbaya kuliko kumnakili mwalimu, kwa sababu anayejinakili hudhani ya kuwa yu huru.

Jambo hili lina faida kwa msomaji ambaye hatakuwa mchoraji kamwe. Shule hupenda daftari safi, na ina sababu. Mwalimu mwenye madaftari arobaini mezani hawezi kusoma maandishi yaliyochafuka. Lakini usafi ukifanywa kuwa ndio elimu, kijana hujifunza kuogopa alama ya kwanza. Huanza kwa mstari hafifu wa kufutika, huufuta, huuandika tena, na mwisho hutoa kazi isiyo na kosa wala uhai. Atakwenda na hofu hiyo katika insha zake, na katika maneno yake mbele za watu, na huenda katika shughuli zake zote.

Dawa yake ni ndogo na gharama yake si kubwa. Mtu atwae karatasi ishirini zinywazo wino, na vikopo vitatu: kimoja cha wino mzito, cha pili cha wino nusu kwa maji nusu, cha tatu cha maji yaliyoguswa na wino tu. Asiye na burashi atafune mswaki hata ncha yake ifumke. Achague kitu kimoja anachokijua vizuri, mbuzi, au mnazi, au mama atwangaye, akichore mara ishirini bila kufuta, akibadili kila mara kiasi cha maji na upesi wa mkono. Kazi ikauke. Kisha azitandike zote ishirini sakafuni, atupe kumi na tisa, abakize moja, na chini yake aandike kwa maneno yake sababu za kuibakiza.

Sababu hizo ndizo somo. Asemaye tu ya kuwa hii imenipendeza bado yuko mahali pa Wang Mo, anacheka na kumwaga. Asemaye ya kuwa hapa wino uliotambaa umekuwa kivuli cha tumbo la mbuzi, na mguu huu mmoja ulioandikwa sawasawa umeusimamisha mwili wote, huyo amekwisha ingia katika chuo cha Liang Kai na Sesshu. Na zile kumi na tisa zilizotupwa asizione kuwa ni hasara. Wazee walisema ya kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; kesho ana karatasi nyingine ishirini, na mkono wake wa kesho si ule wa leo.